Mdai Alizungumza kwa Kirefu

Mlango wa ofisi yangu bado umeandikwa Bw.
Fundi wa vibao yuko Ng'ambo, wanasema, ana foleni.
Huu ni muhula wa tatu.
Wanafunzi wakibisha hodi hunitazama,
kisha huchungulia nyuma yangu
kumtafuta mwenye chumba.

Jumatatu, saa mbili, Sheria ya Madhara.
Niliwaambia wachore, kila mmoja karatasi yake,
yule mtu mwenye busara ya kawaida
ambaye mahakama humfanya rula
ya kupimia uzembe wetu.
Kiswahili kimetupa neno jema: mtu.
Halina suruali, halina sketi.
Anakuja, anaondoka,
na sarufi haimuulizi kitu.

Nikakusanya karatasi arobaini na tatu.
Arobaini na mbili zina mwanamume.
Mmoja ana saa, mmoja ana baiskeli,
wengi wamempa kitambi kidogo, cha heshima.
Wasichana nao wamemchora vizuri, hata vifungo.
Ya Milembe, wa kiti cha nyuma, ni tupu.
"Sikujua kama naruhusiwa," alisema.

Kwetu Sikonge, baba aliacha mizinga sitini
ndani ya miombo, mwendo wa siku mbili.
Mama ndiye aliyechemsha masega,
akachuja nta kwa kipande cha khanga kuukuu,
akijua kwa ncha ya ulimi
asali hii ni ya mtundu, hii ya muyombo.
Baba mdogo akasema: mwanamke hapandi mti,
mzinga unamhusu nini?

Mama akaenda Mahakama ya Mwanzo
na viatu vya kuazima.
Nilikuwa na miaka tisa.
Nilihesabu mbao za dari zikaisha, nikaanza upya,
na mama bado anasema:
kuni mizigo mingapi, nyuki walimuuma wapi,
debe lipi lililipa ada ya nani.

Mwaka juzi nililitafuta jalada.
Karani alipuliza vumbi, akanipa pole kama yuko msibani.
Maneno ya baba mdogo, kurasa nne.
Maneno ya mama, kwa mwandiko mzuri wa kulala:

Mdai alizungumza kwa kirefu.

Nukta.

Nimesoma sheria miaka kumi na moja.
Nimesoma majaji wa ng'ambo ile nyingine, wenye mawigi,
meli zao, ng'ombe zao, konokono wao ndani ya chupa,
sijakutana na sentensi ngumu kama hii.
Haikudanganya.
Alizungumza. Kwa kirefu.

Kwenye kikao cha idara nilipendekeza tuifundishe.
Mwenyekiti, mtu mwema, alicheka bila ubaya:
"Dokta, hiyo ni simulizi. Sisi tunataka mamlaka."
Ukutani nyuma yake wakuu tisa waliotangulia,
tai tisa, mmoja kama anasinzia.
Nikaomba hoja yangu iingie kwenye muhtasari.
Muhtasari ulipokuja nikausoma kwa kidole:
Dkt. Kalunde alichangia.

Basi Jumatatu iliyofuata nilifuta ubao wote,
nikaandika mstari ule mmoja.
Nikasema, mmefundishwa kufupisha,
leo refusheni.
Kimya. Treni ya Mpanda ilipiga honi huko stesheni.
Kalamu zikaning'inia.
Kijana mmoja akauliza kama itatoka kwenye mtihani.

Ndipo Milembe akanyoosha mkono:
"Mwalimu, nta huchujwa mara ngapi?"

Sikujua.
Mimi, mtoto wa nta ile, sikujua.
Nikampigia mama pale pale,
simu juu ya meza, spika wazi,
vichwa arobaini na tatu vimeinama kuelekea kwake.
Saa nne ikagonga.
Darasa jingine likajipanga nje, likaguna, likakaa chini.
Mama alikuwa bado kwenye kuni.